Saa ya Manaus Ukutani kwa Hafsa

Katika bairro nzima, mtaa mmoja wa Palma kusini ya mto Ruvuma, nyumba ambayo watu huulizia saa ni ya Hafsa, na saa yenyewe, ukimuuliza fundi yeyote, imekosea. Simu zikiandika saba ya asubuhi, saa ya Hafsa inaonyesha moja. Simu zikiandika kumi na mbili ya mchana, yake iko kwenye sita. Ni saa ya plastiki, ya duara, ina picha ya jogoo asiyewika, na inakwenda sawasawa na saa za mji wa Manaus, nchini Brazil, ambako Hafsa hajawahi kukanyaga wala hana mpango huo.

"Hafsa, saa ngapi?" jirani anapaza sauti dirishani.

"Moja na nusu!"

Na kweli ni saa moja na nusu. Watu wa pwani wanahesabu saa tangu jua linapotoka, kama watu wenye akili. Serikali inahesabu tangu usiku wa manane, wenye nchi wamelala. Na Manaus, kwa kudra za Mungu, iko nyuma ya Palma kwa saa sita kamili. Kwa hiyo saa ya Wabrazil, bila wenyewe kuambiwa, inasema Kiswahili.

Jinsi saa hiyo ilivyofika ukutani, na jinsi ilivyotaka kuondoka na mwenye nyumba, ni habari ya kukaa chini.

Hafsa alizaliwa Mucojo, mtoto wa mshona nyavu. Vita vilipoingia huko, kila mtu alitoka mbio na alichokiona cha thamani: godoro, kuku, redio isiyo na betri. Hafsa alitoka na kinu cha chuma kichwani, kile cha kuzungusha kwa mkono, cha kusagia kunde za bajia. Ni kizito kama dhambi ya mtu mzima.

"Kitupe!" shangazi yake alimpigia kelele njiani.

"Nikitupe nifike ugenini nikiwa nani?"

Alifika Palma, na wiki hiyohiyo akawa anakaanga bajia. Vita vikamfuata na Palma. Akavuka Ruvuma kwa mtumbwi, kinu mapajani, mpaka kwa binamu zake Mtwara, na simu yake ilipokamata mtandao wa huko ikaruka mbele kwa saa nzima bila kuombwa. "Simu yangu imezeeka saa nzima," aliwaambia binamu, "mimi bado sijakauka maji ya mto." Palma ilipotulia akarudi, na ile saa akarudishiwa palepale mtoni. Katika mambo yote aliyopoteza, ni hiyo tu aliyorudishiwa.

Kwa hiyo mtu huyu amekwisha kupangiwa saa ya kukimbia, saa ya kurudi, saa ya kusimama foleni ya mgao. Akaapa kwamba zilizobaki atazipanga mwenyewe. Akaweka banka yake, meza ya mbao yenye kivuli cha bati, kando ya njia wanakosimama wafanyakazi alfajiri kungojea mabasi ya Afungi, kwenye kambi ya gesi. Mkate, bajia mbili ndani, pilipili ukitaka. Basi halimngoji mtu, na bajia haingoji basi: ndiyo sheria ya pale.

Katika foleni hiyo ndipo alipotokea Chamsudine, mpishi wa kambini. Mpishi anayenunua chakula kwa mtu mwingine, ama ni mpishi mbaya ama ana lake jambo. Chamsudine alikuwa mpishi mzuri. Wakaoana, naye akahamia kwa Hafsa, maana huku nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume anakuja na begi lake na heshima zake. Walikaa vizuri. Kisha mkuu wake wa jikoni, Mbrazil, akahamishiwa kwao Manaus, akasema Chamsudine asipokwenda naye, wali wa huko hautaiva. Akaenda.

Simu yake ya kwanza ilifika Hafsa akiwa kwenye karai.

"Hapa usiku, silali, mwili haujui uko wapi," Chamsudine alisema. "Simu inaandika moja. Kwako je?"

"Saa moja."

"Usinitanie."

"Saa moja ya asubuhi, Chamsudine, wanafunzi wanapita. Simu yako inajua Kiswahili kukushinda."

Walicheka mpaka bajia zikaungua. Siku hiyo Hafsa akanunua saa ya jogoo, akairekebisha kwa saa ya mumewe, akaitundika chumbani juu ya kitanda. Yalikuwa mapenzi, tusimwonee. Kila akiitazama anaona saa yake na saa ya mwenziwe kwa mshale mmoja.

Na Chamsudine alisimulia. Kwamba Manaus ni mji mkubwa katikati ya msitu, hauna bahari, lakini una mto mweusi kama kahawa, mpana hata ng'ambo huioni. Kwamba mvua inanyesha kila alasiri kama mtu anayekuja kudai chai. Kwamba kuna samaki ana mbavu, zinachomwa kama za mbuzi. Hilo la mbavu lilimharibia. Bairro nzima ilimwita mwongo kuanzia hapo. Na kwamba watu wa huko hawali bila unga wa muhogo, wanaunyunyizia juu ya kila kitu.

"Umevuka bahari kwenda kula muhogo?" Hafsa aliuliza. "Ungeniambia, muhogo uko hapa uani."

Tatizo likawa kwamba saa zilikubaliana, na maisha yakakataa. Chamsudine anatoka kazini, anaoga, anajinyoosha kwenye kitanda chake cha wavu, anapiga. "Oito da noite, nane," anasema, jioni ndiyo kwanza inachangamka, muziki uko nje. Na Hafsa anatazama saa ya jogoo: saa nane ya usiku. Nane na nane. Ila nane ya huku ni ile ambayo hata mbwa wamelala, na mtu wa bajia ataamka saa kumi kusaga kunde.

"Huku ndiyo kwanza jioni, mke wangu."

"Huku ndiyo kwanza usingizi, mume wangu. Piga ukiamka."

Akiamka yeye, Hafsa yuko sokoni na mikono ina unga. Akipumzika, Hafsa anakaanga mkupuo wa alasiri. Asipopokelewa, ananuna, akipokelewa, anataka azungushiwe simu aone nani amekaa bankani. Hafsa akazungusha mara moja, akamwonyesha foleni nzima. "Hawa ndio waume zangu," alisema, "kila mmoja anataka mbili na pilipili." Foleni ikacheka. Manaus haikucheka.

Chamsudine akaanza kusema Hafsa afunge banka, ahamie uani kwa mama mkwe, Bi Zuleica, akae mahali pa kueleweka, simu iwe wazi muda wote. Hafsa akasema hapana. Ikaja siku ya Maulidi, ana bajia za msikiti mzima, simu inalia kama mtoto mwenye homa. Akaichukua akaizika ndani ya ndoo ya kunde kavu. Jioni alipoifukua akakuta sauti imetumwa: "Hafsa, kwa kuwa kunde zina thamani kuliko mimi, nimekupa talaka moja."

Alisikiliza mara mbili. Kisha akaenda kwa somo wake, Bi Cadija, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, aliyemfunda alipoolewa. Kulia alilia, lakini kwa kupokezana na kula. Bi Cadija alikuwa amepika.

Sasa, talaka moja ina mlango wa nyuma. Ndani ya eda, mume akitamka tu kwamba amemrejea, mke anarudi kuwa mke, apende asipende. Na eda ya mwanamke anayeona siku zake haihesabiwi kwenye kalenda ya duka. Inahesabiwa mwilini mwake: damu ya tatu ikichungulia, mlango umefungwa na ufunguo uko kwa mwenye mwili.

"Kaa nyumbani kwako, tulia," Bi Cadija alimwambia. "Na shanga zako usiziache. Msumari ndio kalenda yako."

Kila mwanamke wa pwani hii aliyefundwa anazijua shanga hizo: nyeupe zikiwa ukutani, njia nyeupe; zikiwa nyekundu, mke yumo sikuni mwake, mume asiulize kwa mdomo, ageukie ukuta alale. Hafsa alikuwa na msumari wake chini ya saa ya jogoo. Hata peke yake, mume yuko msituni na samaki wenye mbavu, aliendelea kutundika na kutundua.

Banka haikufungwa. Hafsa alikaanga uani, na Graça akauza. Graça ni Mmakonde kutoka Mueda, Mkatoliki, jirani wa ukuta kwa ukuta, humwita Hafsa mana, yaani dada. Kila alasiri alileta karai tupu na maswali.

"Mana Hafsa, ya pili imekuja?"

"Imekuja."

"Bado moja. Dini yenu ina hesabu kuliko matemática."

"Na yenu ina ndoa isiyo na mlango kabisa."

"Ndiyo maana wangu alirukia dirisha," Graça akasema, akabeba bajia akaenda.

Bi Zuleica naye alikuwa anahesabu, kutoka kwake, kwa kukadiria. Akamtumia mwanawe ujumbe kwamba siku zinaisha, na kwamba mkewe, badala ya kukonda, ananenepa. Kilichomchoma Chamsudine ni hicho cha mwisho. Mwanamume anaweza kuvumilia kuachana; asichovumilia ni kuachana na mtu akanawiri.

Ikafika Jumatano. Hafsa aliamka kabla ya adhana kwenda kusaga kunde, akajikuta ameiona ya tatu. Alijisafisha, akatundua shanga nyeupe, akatundika nyekundu, akakaa kitandani akacheka kidogo peke yake, kicheko cha mtu ambaye mguu wake umegusa mchanga baada ya kuogelea sana. Adhana ikatoka, hakusimama kusali, ana ruhusa yake. Akaenda uani kwenye kinu. Mbingu inaanza kupauka, simu ikalia chumbani.

Aliingia na mikono ya unga, akabonyeza kwa kifundo cha kidole. Chamsudine akajitokeza, tumbo wazi kwenye kitanda chake cha wavu, nyuma yake feni na giza.

"Salaam aleikum, mke wangu."

"Aleikum salaam. Mke wako yupi?"

"Usinianze. Nimefikiri sana. Hafsa, nimekurejea. Umesikia? Nimekurejea."

Hafsa akacheka. Hakukusudia, kile kicheko cha kitandani kilikuwa hakijaisha.

"Umechelewa, Chamsudine."

"Nimechelewa wapi? Mama kahesabu. Leo Jumanne."

"Leo Jumatano."

"Kwangu Jumanne. Onze da noite, kumi na moja. Jumanne haijaisha."

"Kwangu imekwisha muda. Jumanne yako ni makombo ya Jumanne yangu."

"Mimi ndiye mume, tunahesabu ya kwangu," akasema, na kwa jinsi alivyosema, aliamini kabisa kwamba siku za wiki zinafuata jinsia. "Banka ifungwe. Kesho Mama anakuja kuchukua vitu vyako. Na umecheka mwenyewe, nimekuona, umefurahi." Akapiga picha ya skrini, uso wa Hafsa unacheka mzima mzima, akakata.

Kabla jua halijapanda, picha hiyo ilikuwa kwa Bi Zuleica. Kufika mchana alikuwa ameizungusha bairro nzima, nyumba kwa nyumba, simu mbele kama sahani ya halua. "Mtazameni mkwe wangu, anavyocheka! Mwanangu kamrejea." Wanawake waliitazama picha, wakatazamana wao kwa wao, wakasema "Maashallah, Bi Zuleica," wakarudi ndani haraka. Yeye akadhani ni wivu.

Alhamisi alikuja na mkokoteni. Hafsa alisimama mlangoni na mwiko wa kukaangia.

"Mama, karibu chai. Kitu changu hakitoki humu."

"Wewe ni mke wa mwanangu."

"Nilikuwa."

"Jumanne kakurejea, wewe mwenyewe unadai umetoka edani Jumatano. Nani hajui Jumanne inatangulia Jumatano? Tangu Mungu aumbe wiki!"

Msukuma mkokoteni akatikisa kichwa kukubali. Hapo Hafsa akaona hatari yake ilivyo. Huyu anajua hesabu ya vidole tu, na mji mzima una vidole. Wakikubaliana kwamba Jumanne inatangulia, basi yeye ni mke tangu juzi: banka itafungwa, kinu kitashika kutu, naye atakaa uani kwa watu akionyesha uso wake kila mtu wa Manaus anapopumzika. Shehe akisema imeswihi, imeswihi.

"Twende kwa shehe," akasema yeye mwenyewe.

Wakakutana Ijumaa baada ya sala, barazani kwa Shehe Hamido. Ni mtu mpole, kila kesi kwake huisha kwa sulhu, hata ile ya mbuzi aliyekwisha kuliwa. Wanawake walikaa mkekani upande mmoja, Bi Zuleica mbele na Bi Cadija ubavuni mwa Hafsa. Graça alibaki nje ya ua, kiwiliwili juu ya ukuta, akijidai anangoja ndoo. Simu ya Bi Zuleica iliegemezwa kwenye birika, na ndani yake yumo Chamsudine, asubuhi ya Manaus, amejificha stoo ya jikoni kati ya magunia, kofia ya wavu kichwani kama samaki aliyevuliwa na nguo zake.

"Mwanangu Hafsa," shehe akaanza, "sulhu ni kheri. Mume kakutaka. Wangapi wanaachwa hawatakwi tena?"

"Kutakwa si kesi, shehe. Kesi ni kama alikuwa na haki."

Kwa desturi, jambo kama lile mwenyewe halitamki. Somo ndiye mdomo wake. Bi Cadija akakohoa. "Shehe, mgeni wa mwezi alibisha hodi kabla ya adhana ya Jumatano. Mwito wa bwana huyu ulifika baada ya adhana. Mgeni alikuwa amekwisha kukaa."

"Uongo!" Bi Zuleica akasema. "Mgeni kaja jana! Wa juzi ni wa kuzuliwa. Nani alimwona?"

"Mama," Hafsa akasema, "ulitaka nikuite uje utazame?"

Wazee wawili pale barazani wakagundua ghafla kwamba dari inahitaji kutazamwa.

"Basi aape," akasema shehe, amefurahi kupata njia. "Neno la mwanamke juu ya mwili wake linakubalika. Leteni Msahafu, ashike, aape."

"Siwezi kuushika leo, shehe," Hafsa akasema wazi, mbele ya wanaume, sauti ileile anayotajia bei ya mkate. "Na unajua kwa nini siwezi. Nimetembea na chuma kichwani kutoka Mucojo, nimevuka mto, sijamdanganya mtu. Sitaanza kudanganya kwa ajili ya kumkimbia mpishi. Eda ni yangu, iko mwilini mwangu, na mwili wangu haukuwa Manaus hata siku moja."

Kutoka ukutani Graça akasema "Isso! Hivyo hivyo!" kisha akajidai alikuwa anaongea na ndoo.

"Lakini Jumanne..." akaanza Chamsudine kutoka kwenye birika.

"Jumanne," akapokea mama yake, "na mwenyewe alikubali! Alicheka! Shehe, picha hii hapa, mtazame mke aliyerejewa anavyofurahi." Akainua simu, mwanawe akapotea, picha ikatokea. Akaileta mbele ya shehe, akaweka vidole viwili kwenye kioo apanue ule uso unaocheka. Lakini kidole cha mtu mwenye hasira hakina adabu. Uso ukateleza pembeni, na kilichokuja katikati, kikubwa, kikajaza kioo chote, kikawa ukuta.

Saa ya jogoo, mishale kwenye kumi na moja. Chini yake msumari. Kwenye msumari, shanga.

Vidole vya Bi Zuleica vikasimama.

"Endelea kuvuta, shoga," Bi Cadija akasema polepole. "Uso uko kushoto."

Hakuendelea. Shehe Hamido ana wake wawili na kuta mbili, naye akaona, akajikuna ndevu. "Bi Zuleica," akauliza kwa upole, "hilo lililo ukutani ni nini?"

"Shanga."

"Mimi macho yangu si mazuri. Ni za rangi gani?"

Hapo ndipo Hafsa alipoacha kupumua. Wengine wote wangeweza kusema. Lakini neno la mama mtu ndilo lingemaliza kesi. Na Bi Zuleica angeweza kusema kioo kimepasuka, angeweza kusema ni nyeupe zimepigwa na taa. Ni mwanamke aliyefundwa, na amefunda wasichana wengi wa bairro ile. Kuna uongo ambao mdomo wa mtu kama huyo haujui pa kuuanzia.

"Nyekundu," akasema.

"Na picha hii kapiga nani?"

"Mwanangu. Wakati uleule anamrejea."

"Na siku, shehe, usihangaike nayo," Hafsa akasema, sasa pumzi imerudi. "Tazama juu kabisa ya picha, saa ya simu yake: kumi na moja. Tazama ukutani kwangu: kumi na moja. Ni dakika moja ile. Yeye anaiita Jumanne, mimi naiita Jumatano, kama mtoto mwenye majina mawili. Na katika dakika hiyo shanga zilikuwa zimekwisha kutundikwa."

Bi Zuleica akamrudisha mwanawe kwenye kioo. Hakupiga kelele. "Chamsudine, baba. Msumari ulikuwa mbele yako. Ulikuwa unatazama nini?"

Chamsudine alivua kofia yake ya wavu. "Nilikuwa namtazama yeye, mama," akasema.

Lilimgusa Hafsa, lazima isemwe. Lilimgusa pale chini ya mbavu ambapo jambo halina kinga. Lakini lilipita, kama basi: unalijua, uliwahi kulipanda, leo hulipandi.

"Rejea haikuswihi," shehe akasema. "Mlango ulikuwa umefungwa. Ila, Hafsa, kijana anaweza kukuposa upya, kwa ndoa mpya, ukiridhia. Anakutazama bado. Tufanye sulhu?"

Wote wakamgeukia. Hata Graça akaacha kuigiza na ndoo.

"Hapana, shehe. Hapana ya saa za huku, na hapana ya saa za huko. Mtu aliyezaliwa Palma akasahau ukuta wa chumba unasemaje, huyo hajanikosa mimi, kakosa kwao. Akitaka kujifunza upya aje mwenyewe, asimame foleni ya bajia nyuma ya wenzie. Akifika mbele nitamuuzia. Mbili, na pilipili akitaka."

Bi Cadija akafunika uso kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika. Shehe akafunga kikao kwa dua fupi kuliko zote alizowahi kusoma. Wakati wanavaa viatu, Bi Zuleica alisimama karibu na Hafsa, hamtazami.

"Ungeniambia mapema kwamba picha ina shanga."

"Mama, mimi sikuiona hiyo picha mpaka leo hapa. Ulimwonyesha kila mtu isipokuwa mimi."

Bi Zuleica akafikiria nyumba zote alizopita na simu mbele, na zile Maashallah za haraka haraka. "Mbwa hawa wanawake," akasema, na mdomo ukamcheza kidogo pembeni.

Siku ya pili, Jumamosi, Graça alimkuta Hafsa amepanda juu ya kitanda anashusha saa ya jogoo.

"Afadhali, mana. Itupe. Mwanamume ameondoka, saa yake ya nini?"

"Saa yake? Nilinunua mimi. Huyo alipokwenda Manaus, mababu zangu walikuwa wamekwisha kuhesabu hivi. Manaus ndio wanaotuiga, hawajaambiwa tu."

Akaibeba mpaka bankani, akaitundika kwenye nguzo chini ya bati, mahali foleni yote inaiona. Mtu wa kwanza kulalamika alikuwa karani wa serikali, viatu vinang'aa, anaelekea kwenye shughuli zake.

"Dona Hafsa, saa yako mbovu. São sete, ni saba."

"Jua limetoka tangu lini?"

Karani akatazama juu. "Kama saa moja hivi."

"Basi ni saa moja. Mbili au tatu?"

"Tatu. Na pilipili."

Simu ikatetemeka ndani ya aproni. Ni Chamsudine, kaandika tu, hakupiga: *Hujambo. Huko saa ngapi sasa?* Hafsa akafuta unga wa kunde kwenye kidole kimoja. Foleni ilikuwa inasogea, basi la Afungi limekwisha kupiga honi kona ya juu.

*Tazama simu yako,* akaandika, akaitia mfukoni, akageuza bajia.